Kitabu Kwanza au Tamthilia Kwanza? Inategemea Sura

Kila inapotoka tamthilia mpya iliyotokana na riwaya, kuna mtu ataniuliza: nisome kwanza au nitazame kwanza? Wapenzi wa vitabu wana jibu lao moja, nao hulitoa kabla hujamaliza kuuliza: kitabu kwanza, siku zote. Nililiamini jibu hilo kwa miaka mingi. Siku hizi naliamini nusu.

Kitabu kina sura, na tamthilia nayo ina sura, ila si sura za aina moja. Za kitabu zina namba. Za tamthilia zina macho na pua. Ukishamwona mwigizaji, basi, yule mhusika ni yeye hadi kufa. Hutalisoma jina lake tena bila uso huo kujitokeza. Hiyo ndiyo hasara ya kutazama kwanza, na siipuuzi. Lakini kusoma kwanza kuna hasara yake ambayo wapenzi wa vitabu hawaisemi: unakaa mbele ya skrini kama mkaguzi wa hesabu. Hiki wamekikata. Huyu hakuwa mrefu hivi. Mbona hapa mvua hainyeshi? Unamaliza sehemu 10 na hujafurahia hata moja.

Tena kitabu mara nyingi kina mengi kuliko tamthilia. Anayetoka kwenye tamthilia kwenda kitabuni anaongezewa. Anayetoka kitabuni kwenda kwenye tamthilia anapunguziwa, na hakuna anayependa kupunguziwa. Kwa hiyo kabla ya kumjibu mtu najiuliza utamu wa hadithi hiyo unakaa wapi. Ukikaa katika sauti ya anayesimulia, soma kwanza. Ukikaa katika nyuso, mahali na wingi wa watu, tazama kwanza, kitabu hakiozi. Hizi hapa ndizo ninazoulizwa sana. Siri kubwa sitazimwaga, ila vidogo vidogo vitadondoka njiani.

Game of Thrones: tazama, kisha soma kwa subira

Nianze na kubwa lao. Vitabu vya George R. R. Martin vilianza kutoka mwaka 1996, na vilivyotoka ni 5 kati ya 7 alivyokusudia. Cha 5 kilitoka Julai 2011, miezi mitatu tu baada ya tamthilia kuanza kuonyeshwa na HBO. Tamthilia ikaenda misimu 8, sehemu 73, ikafunga Mei 2019. Njiani ilivipita vitabu. Waandishi wake walifika mahali ambapo hapakuwa na ukurasa wa kufuata, wakabaki wanajua hadithi inaelekea wapi bila kujua inapitia wapi. Matokeo kila shabiki anayajua. Misimu minne ya mwanzo mazungumzo yana meno. Watu wawili wanakaa chumbani wanaongea tu na wewe hupumui. Misimu miwili ya mwisho watu wanavuka bara zima kama wanavuka barabara.

Hata hivyo nasema anza na tamthilia, na sababu yangu ni majina. Mimi nilianza na kitabu. Kidole kimoja kilikuwa kwenye ukurasa ninaosoma, kingine kule nyuma kwenye orodha ya koo zinazogombania ufalme, na kila baada ya aya mbili narudi kuuliza huyu ni mtoto wa nani. Jina la Daenerys nililisoma kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, Da-e-ne-ris. Siku nilipolisikia likitamkwa kwenye tamthilia niligundua kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa naishi na mtu mwingine kabisa. Kwenye skrini ukoo unautambua kwa nywele: hawa fedha, hawa dhahabu, hawa wa kaskazini wamevaa manyoya na wamenuna. Sekunde tano zinatosha, kichwa kinabaki huru kufuata hila.

Ila kitabu kina silaha moja ambayo kamera haina. Karibu kila sura kichwa chake ni jina la mtu tu. Ukikuta BRAN, umeingia katika akili ya mtoto wa miaka saba, na utajua anachojua yeye, basi. Ukikuta TYRION, kila anayeingia chumbani anapimwa kwa jicho la mtu aliyechekwa maisha yake yote. Ukishazoea, unaanza kufanya kitu ambacho hakuna mtazamaji anayeweza kukifanya: unafunua kurasa za mbele kutafuta kama jina la umpendaye bado lipo. Likikosekana kurasa mia mbili, tumbo linakata.

Onyo kwa watakaosoma: kitabu cha 4 ni mtihani. Martin aliwagawa wahusika kwa maeneo, wengine akawaweka cha 4 na wengine cha 5, huku mambo yakitokea karibu wakati mmoja. Tyrion, Jon na Daenerys hawana sura hata moja katika cha 4. Wengi waliacha hapo. Vumilia; cha 5 kinawarudisha. Na anayetaka kujua mwisho hana namna, atazame, kwa kuwa vitabu havijafika huko. Aliyeuchukia mwisho wa tamthilia ana faraja yake pia: kitabuni bado haujatokea.

The Three-Body Problem: hapa wagombea ni watatu

Riwaya ya Liu Cixin ilitoka kama kitabu nchini China mwaka 2008, Ken Liu akaitafsiri kwa Kiingereza 2014, na mwaka uliofuata ikabeba Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi. Zikaja tamthilia mbili. Ya Tencent, kampuni ya China, ina sehemu 30, ilianza Januari 2023. Ya Netflix ina sehemu 8 katika msimu wa kwanza, ilitoka Machi 2024. Mtu akiniuliza atazame ipi, namuuliza kwanza kama ana moyo wa mvuvi.

Ya Tencent inakifuata kitabu cha kwanza karibu ukurasa kwa ukurasa. Inakwenda polepole, inaeleza jambo, inalieleza tena, na kuna usiku niliotazama ukuta kuliko skrini. Lakini ndiyo inayokupa Shi Qiang kamili, yule polisi mkorofi anayewahoji maprofesa kama wezi wa kuku na kumbe ndiye mwenye akili timamu kuliko wote mezani. Ya Netflix ilishikwa na David Benioff na D. B. Weiss, walewale wa Game of Thrones, wakiwa na Alexander Woo. Walichofanya ni kumchukua mhusika mkuu mmoja, Wang Miao, wakamkata vipande na kumgawa kwa kundi la marafiki watano waliosoma pamoja Oxford. Kisha wakachota mambo hata kutoka kitabu cha 2 na cha 3 na kuyaleta mapema.

Mfano mmoja unaonyesha tofauti yote. Katika kitabu Wang Miao ni mpenzi wa kupiga picha, na kamera yake ni ya filamu. Anasafisha picha na kukuta tarakimu juu yake: saa, dakika, sekunde. Picha inayofuata, tarakimu zimepungua kidogo. Zimeshuka tena katika nyingine. Anampa mkewe kamera ileile, mkewe anapiga, picha safi. Anapiga yeye, tarakimu zipo. Hakuna zimwi, hakuna damu, ni mtu na kamera yake ndani ya nyumba yake, na mimi niliinuka kuwasha taa ya pili. Baadaye ndipo tarakimu zinahamia ndani ya macho. Netflix hawana muda huo. Mwanasayansi wao, Auggie, anaanza moja kwa moja na tarakimu zinazong'aa mbele ya macho yake kokote anakogeuka. Inashtua, ndiyo. Lakini kushtuka ni kitu cha sekunde mbili, na kitabu kilinipa hofu ya kupandishwa ngazi moja moja gizani.

Na kuna lile jeshi. Ndani ya mchezo wa kompyuta ulio katikati ya hadithi, watu milioni 30 wanapangwa uwanjani wafanye kazi ya kompyuta. Liu anaanza na askari watatu tu wenye bendera nyeusi na nyeupe: huyu akiinua nyeusi na yule nyeupe, wa tatu anainua ipi? Wanarudia, wanarudia, hadi hata mimi niliyekimbia hesabu nikaelewa mashine inavyofikiri. Kisha ndipo Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, analeta jeshi zima. Kwa Netflix amri inatoka kwa Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, uwanja unapendeza hadi unatamani kusimamisha picha, lakini lile somo linapita mbio na kukuacha umesimama.

Sasa nisiwaonee Netflix. Tukio la Mfereji wa Panama wamelifanya vizuri kiasi kwamba nilipolirudia kitabuni niliona kitabu ndicho kilichokuwa na haraka. Na watu wao wana mioyo, jambo ambalo Liu hajisumbui nalo sana. Wahusika wake wengi ni mabomba ya kupitishia mawazo.

Kwa hiyo: kama fizikia ilikutoa jasho shuleni, anza na Netflix, na ukinogewa soma. Kama fizikia ndiyo ilikuwa inakuamsha asubuhi, soma, kisha Tencent. Kutazama Netflix halafu kuunganisha na Tencent bila kitabu katikati sikushauri. Ya pili utaiona inatambaa.

The Handmaid's Tale: soma, mjadala hakuna

Hapa nawarudia wapenzi wa vitabu na kuomba radhi. Riwaya ya Margaret Atwood ni ya 1985, na si nene. Tamthilia ilianza 2017, mwaka huohuo ikawa ya kwanza ya mtandaoni kushinda tuzo ya televisheni ya Emmy kwa tamthilia bora, ikaendelea hadi 2025 ikiwa na misimu 6 na sehemu 66. Msimu wa kwanza ulikula kitabu karibu chote. Kuanzia wa pili walikuwa wanajipikia wenyewe.

Elisabeth Moss ni mwigizaji hatari. Anaweza kukaa kimya na ukamsikia. Tatizo haliko kwake. Tatizo ni kwamba hadithi hii yote ni sauti ya mwanamke mmoja aliyefungiwa, anayejisimulia ili asiwe kichaa. Anakusimulia tukio, kisha anakiri kwamba halikwenda hivyo, analianza upya, kisha anakiri tena. Unaanza kujiuliza ni kipi cha kweli, na kujiuliza huko ndiko kitabu chenyewe. Kamera haijui kufanya hivyo. Kamera ikikuonyesha mlango umefunguka, umefunguka.

Chukua jina tu. Anaitwa Offred, yaani wa Fred, kama mzigo ulioandikwa mwenyewe nani. Jina lake halisi kitabu hakikutajii waziwazi hata mwishoni, na unalibeba pengo hilo kurasa zote. Tamthilia inamwita June mapema kabisa. Naelewa kwa nini, huwezi kuendesha misimu sita na mtu asiye na jina, ila kitu kimoja kizito kilishuka mabegani mwangu nikakosa uzito wake.

Kisha kuna usiku ule ambao Kamanda, yaani huyo Fred, anamwita kwa siri chumbani kwake. Nchi ni ile ambayo wanawake wamekatazwa kusoma. Unajiandaa kwa baya. Naye anatoa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno. Anataka wacheze Scrabble! Kitabuni unakaa ndani ya vidole vyake. Vile vibao vya herufi anavitamani kama mtoto anavyotamani peremende, karibu avitie mdomoni, na maneno anayoyaunda ni ya anasa, maneno ambayo hayana kazi yoyote zaidi ya kuwa matamu. Kwenye tamthilia Moss anajitahidi kwa uso wake, na uso wake ni mzuri kwa kazi hiyo, lakini mtu aliyetoka kitabuni ndiye anayejua ule uso unasema nini.

Ushauri wangu: kitabu, kisha msimu wa kwanza. Ukifika wa pili na kuona mateso yanarundikwa juu ya mateso, una ruhusa ya kuacha bila kujisikia vibaya. Mwendelezo rasmi wa mwandishi mwenyewe upo, The Testaments wa 2019, uliogawana tuzo ya Booker na kitabu cha Bernardine Evaristo. Una kasi, unaburudisha, hauogopeshi kama kaka yake. Na kurasa za mwisho kabisa za riwaya ya kwanza usizichungulie. Nakuomba.

Shōgun: mkalimani ndiye nyota

Kitabu cha James Clavell ni cha 1975 na kinapita kurasa 1,000. Blackthorne wa kitabuni ametokana na William Adams, mwongoza meli Mwingereza aliyefika Japani kwa meli ya Waholanzi mwaka 1600. Toranaga, bwana mkubwa wa Kijapani, ametokana na shogun Tokugawa Ieyasu. Tamthilia ni mbili: ya NBC ya 1980, akiwemo Richard Chamberlain na Toshiro Mifune, na ya FX ya 2024, sehemu 10, iliyovunja rekodi kwa kuzoa Emmy 18 za mwaka mmoja.

Anayeongea lugha zaidi ya moja atanielewa hapa. Ya 1980 ilifanya uamuzi wa ajabu: Kijapani kingi hakikutafsiriwa. Unakaa na Blackthorne gizani, unasoma mikono na nyusi za watu kama yeye, na ukizidiwa kuna sauti ya Orson Welles inayokusimulia. Ya 2024 inafanya kinyume. Kijapani ndicho kimejaa, maandishi ya tafsiri yako chini, na Kiingereza unachokisikia kinasimama badala ya Kireno. Kwa hiyo unajua mengi kuliko Blackthorne. Unamsikia akitukana kwa ukali wa baharia, unamwona Mariko, mkalimani wake, akivuta pumzi, halafu unasoma alichomfikishia bwana wake: sentensi laini, yenye adabu, isiyo na tusi hata moja. Na bwana, kwa kumtazama Blackthorne usoni, anajua ameibiwa nusu ya habari. Anna Sawai, anayemwigiza Mariko, anaifanya kazi hiyo bila kutikisa kope. Aliyewahi kuwatafsiria wazee wawili wanaogombana anaijua jasho lake.

Kitabuni Clavell anaruka toka kichwa hiki hadi kile, pengine katika ukurasa mmoja, na kila wazo unapewa mkononi. Ni utamu wa aina yake, lakini ule wa kubahatisha unapungua. Tazama ya 2024 kwanza. Kitabu kiweke kwa ajili ya likizo ndefu. Ya 1980 mwachie mtu anayetaka kumwona Mifune akitembea tu, na hiyo pekee inatosha saa kadhaa.

Sherlock Holmes: kokote utakapoanzia

Mpelelezi huyu ana riwaya 4 na hadithi fupi 56, ya kwanza ikiwa ya 1887. Hapa sina ubishi, maana hadithi fupi unaimaliza kwa muda uleule wa sehemu moja ya tamthilia. Ukitaka uaminifu, kuna ile ya Granada yenye Jeremy Brett, 1984 hadi 1994. Ukitaka kucheka na kukimbia, kuna Sherlock ya BBC, 2010 hadi 2017, yenye Benedict Cumberbatch na Martin Freeman.

Nawapenda BBC kwa jambo moja dogo. Katika riwaya ya 1890 Watson, rafiki yake, anampa Holmes saa ya mfukoni ajaribu kumbaini aliyekuwa nayo. Holmes anaona mikwaruzo kuzunguka tundu la kutilia saa ufunguo, anajua mwenye saa alikuwa mlevi: mkono wa mtu asiyelewa hautetemeki hivyo kila usiku. Katika sehemu ya kwanza ya BBC saa imekuwa simu ya mkononi, na mikwaruzo iko kwenye tundu la chaji. Hesabu ni ileile, mkono ni uleule unaotetemeka, zimepita miaka 120. Na Watson wa 1887 alirudi London akiwa ameumia vitani Afghanistan. Wa 2010 naye ametoka Afghanistan, na waandishi hawakuhitaji kubadilisha hata nchi. Utani huo anaufaidi aliyesoma tu. Kwa hiyo kama lazima nichague, soma hadithi fupi tano sita, kisha tazama BBC misimu miwili ya mwanzo. Miwili iliyofuata Sherlock alianza kujipenda kuliko kesi.

Hizi kwa haraka

The Queen's Gambit: tazama. Sehemu 7, Netflix, 2020. Riwaya ya Walter Tevis ya 1983 ni nzuri na fupi, ila mchezo wa sataranji kwenye karatasi ni herufi na namba kwa asiyeucheza. Kwenye tamthilia vipande vinashuka kutoka darini usiku, Beth, yule msichana mchezaji, kalala chali anavisogeza kwa macho, na hujui sheria hata moja lakini unajua nani anapigwa. Ukiwa mchezaji usihofu kuchekwa: Garry Kasparov mwenyewe, bingwa wa zamani wa dunia, alikuwa mshauri wao.

Bridgerton inategemea kama unapenda kutunziwa siri. Vitabu vya Julia Quinn vilianza 2000, viko 8, kimoja kwa kila ndugu, na ndugu wamepewa majina kwa alfabeti, Anthony hadi Hyacinth, kana kwamba mama yao alikuwa anaandikisha darasa. Swali la nani ni Lady Whistledown, mwandishi wa umbea anayejificha, vitabu vinalishikilia hadi cha 4. Tamthilia inalijibu mwishoni mwa msimu wa kwanza. Pia tamthilia ilimruka Benedict, mwenye kitabu cha 3, ikaenda kwa Colin katika msimu wa 3. Lakini Malkia Charlotte, aliye kitu bora kuliko vyote pale, vitabuni hayumo. Tazama.

Miaka Mia Moja ya Upweke ya Gabriel García Márquez, ya 1967, imenigawanya. Maisha yake yote mwandishi alikataa kuuza haki za kuitengenezea filamu. Alifariki 2014, na mwaka 2024 Netflix wakatoa sehemu 8 za mwanzo, kwa Kihispania, zilizopigwa Colombia, wanawe wakiwa miongoni mwa wasimamizi. Kinachotisha wasomaji ni majina: Aureliano mmoja ana watoto wa kiume 17, na wote wanaitwa Aureliano. Nyuso zinasaidia sana hapo, na kwa kanuni yangu ningesema tazama. Lakini maajabu ya kitabu hiki yako katika utulivu wa sauti inayoyasimulia, kama bibi anayekuambia msichana amepaa mbinguni na shuka huku anaendelea kukunja nguo. Tamthilia imepiga picha nzuri, imeheshimu, na bado maajabu yanaonekana ni maajabu. Soma. Penseli iwe karibu, chora ukoo.

The Expanse: kosa langu

Ya mwisho ni ya anga. Vitabu 9, 2011 hadi 2021, jina la mwandishi ni James S. A. Corey ambalo limewaficha watu wawili, Daniel Abraham na Ty Franck. Tamthilia ilianza 2015, ikakatwa na kituo cha Syfy baada ya misimu 3, Amazon wakaiokota, ikamaliza 2022 ikiwa na misimu 6 na sehemu 62. Hii tazama kwanza bila kusita, kwa ajili ya masikio yako. Watu waliozaliwa kwenye miamba ya angani (asteroidi) wametungiwa lugha yao na mwanaisimu, Nick Farmer, na wanaongea kwa mikono mipana kwa sababu wazee wao walifanya kazi ndani ya mavazi ya anga ambamo kutikisa kichwa hakuonekani. Kitabuni unaambiwa hivyo. Kwenye skrini unamwona mtu amekaa mezani, hana vazi lolote la anga, na bado anapunga mikono kama babu yake.

Tamthilia inaishia karibu na kitabu cha 6. Baada ya hapo hadithi inaruka miaka kama 30 na kuendelea kwenye vitabu 3 ambavyo hakuna aliyevitengenezea tamthilia. Mimi, kwa uvivu na haraka ya kujua kilichofuata, niliona nimeshatazama vya kutosha, nikavipita vitabu sita vya kwanza na kufungua cha 7 moja kwa moja. Tamthilia na vitabu, kumbe, hawakukubaliana kuhusu kila maiti. Kurasa za mwanzo tu nikamkuta mtu niliyeshamzika na kumlilia, anazeeka taratibu, anapiga soga na wenzake kana kwamba hakuna kilichotokea.